Pua ya Bwana Mrutu

Kisa hiki mfikishie yeyote ambaye neno lake hufuatwa na wengine.

Katika kituo kimoja cha kusafisha majitaka palikuwa na mzaha: vipimo vikiharibika, ipo pua ya Bwana Mrutu.

Mrutu alikuwa msimamizi. Gesi ya majitaka ni sumu, na hunuka kama mayai viza. Pale kituoni ilipitishwa kwenye pipa la mkaa amilifu, mkaa wa kiwandani unaonasa gesi. Lakini mkaa huo nao hushiba, ukaacha kunasa. Basi kila asubuhi Mrutu alisimama kwenye mlango wa chumba cha chini kilichokuwa na pipa hilo, akavuta pumzi. Akisikia harufu, mkaa ulibadilishwa.

Mwaka huo hakusikia kitu. Majirani walipolalamika kwamba pananuka, alisema wanadeka. Fundi Kadeghe alipoomba kipimo cha gesi, aliulizwa kama pua ya bosi wake imeota kutu.

Siku moja Kadeghe alitakiwa kushuka mle chumbani kukaza bomba. Mrutu akavuta pumzi mlangoni kama kawaida yake.

"Ni safi. Shuka."

Kisha akaenda nyumbani kula. Mkewe, Nakijwa, alikuwa ametoka kidogo kwa jirani, akaacha chungu jikoni. Mrutu akaketi sebuleni na gazeti lake.

Nakijwa alirudi mbio, kanga puani.

"Maharage yanaungua na wewe umekaa hapa?"

"Sijasikia harufu yoyote."

Nakijwa akamtazama. "Baba Elinazi, hata yale ya Pasaka yaliungua. Ukala, ukanyamaza. Nikadhani unanistahi."

Gazeti likamponyoka. Akampigia Kadeghe. Simu iliita mpaka ikakatika.

Alipofika kituoni, Kadeghe alikuwa amelazwa kwenye nyasi. Wenzake walimvuta kwa kamba aliyokuwa amejifunga kiunoni. Alikuwa hai, midomo imepauka kama majivu. Akafumbua macho.

"Bosi," alisema taratibu, "ulisema ni safi."

 Mrutu akageukia mlango ulioachwa wazi, akavuta pumzi. Watu wote pale walikuwa wameziba pua.

Yeye hakusikia kitu.

Funzo: Kabla hujamwambia mwenzako kwamba ni salama, hakikisha kwanza kile unachopimia bado ni kizima, na wengi wakikwambia panaoza, usiwacheke.