Tuta Lililopasuka Nyuma ya Jiko

Mwanamke mmoja alikuwa na tuta moja la marando nyuma ya jiko lake. Jina lake Nkwimba, na kijiji chao kiko kwenye nyanda zile ambazo kiangazi kikiingia hakibakizi jani. Viazi vitamu vya huko hupandwa kwa marando, mashina yale ya kijani yanayotambaa juu ya tuta. Viazi vikishavunwa mbuzi huachiwa mashamba, na walichokibakiza hao hukimaliza jua. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuyatunza marando machache yawe hai mpaka mvua nyingine. Mtu huyo alikuwa Nkwimba. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, na mwaka ninaousimulia ulikuwa wa kumi na moja. Kila mwaka mvua ya kwanza iliponyesha, wanawake walikuja na kamba zao, naye akawakatia kila mmoja mzigo wake, bure. Hakuna aliyeulizwa mbona ya kwake yamekufa. Ndiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Mwezi huohuo mume wake, Luhende, alianguka kutoka juu ya paa la kanisa akipigilia bati lililong'olewa na upepo. Hakufa, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini mwili haukumtii tena. Angekuwa ameanguka akiiba, watu wangekuwa na la kusema. Alianguka akiitengeneza nyumba ya Mungu, na hilo ndilo lililomkaa Nkwimba kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki za mwanzo waumini walikuja, wakaimba, wakaacha unga. Baadaye wakaja wachache, kisha mmojammoja. Hawakuwa watu wabaya. Njaa ilikuwa imeingia kwao pia, na mwenye njaa hana miguu ya kuzungukia wagonjwa.

Maji yalichimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na kurudi ukiwa na ndoo kichwani ni zaidi ya hapo. Ndoo moja kwa siku. Ya pili shingo iliikataa. Maji hayo yalikuwa na zamu zake. Kwanza ya kunywa na ya kupikia, kisha ya vyombo, kisha ya kumfuta Luhende mwili asije akaota vidonda, na mwisho matambara yake. Kilichobaki kwenye karai kilikuwa cheusi chenye povu, na hata mbuzi asingekigusa. Hicho ndicho alichokwenda kukimwaga kwenye tuta.

Mwanzoni alimwaga akiomba. Alikuwa mwombaji anayejulikana. Alipopewa kufungua kwa sala kikao cha umoja wa wanawake, wapishi walijua chakula kitaiva bila haraka. Sasa alisimama na karai mikononi, akamweleza Mungu habari za mgongo wa Luhende, za unga, za binti yao Shija aliyeolewa mbali asiyejua lolote. Mwezi wa pili sala ikafupika. Kufikia mwezi wa nne alikuwa akisema tu, "Bwana, nimemwaga," mithili ya mtumishi anayetoa taarifa kwa tajiri asiyejibu, kisha anarudi ndani.

Marando yakageuka manjano. Yakasinyaa. Asubuhi moja mbuzi wa jirani akaruka uzio, akala hata vikonyo, na tuta likabaki tupu. Kisha likapasuka. Mwanamke yeyote wa nyanda zile anajua kwamba tuta la viazi likipasuka, kuna kiazi kinanenepa chini yake. Nkwimba alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mwaka ule nchi nzima ilikuwa imepasuka, njiani, uwanjani, hadi kwenye sakafu ya kanisa, naye akaona huo ni ufa kama nyufa nyingine. Akawa anamwaga karai humo ndani ya ufa, maana hapo maji hayakumrukia miguuni.

Msimsifu haraka kwa kuendelea kumwaga. Hakuwa na tumaini lolote. Siku moja Luhende alimwita kutoka kitandani, "Mama Shija, bado tu unalimwagilia lile tuta?"

"Namwaga uchafu," alijibu. "Ungependa niumwage mlangoni?"

Ilikuwa kweli. Maji machafu lazima yamwagwe mahali, na mkono wake ulikuwa umezoea upande ule.

Jumapili moja wanawake walisimama kanisani kutoa ushuhuda. Mmoja alishukuru kwa ng'ombe aliyepona, mwingine kwa mwanawe aliyepata kazi. Zamu ilipomfikia Nkwimba alibaki amekaa, akitazama vidole vya miguu yake. Alijikagua moyoni kama mtu anayepapasa ndani ya mtungi, hakugusa kitu. Hakukuta shukrani. Hakukuta hata hasira, ambayo angalau ingemfanya ainue macho na kugombana na Mungu. Alipofika nyumbani alivua sare ya umoja wa wanawake, akaikunja bila kuifua, maana maji ya kufulia sare yangetoka wapi, akaitia kwenye mfuko ili Jumamosi airudishe kwa mwenyekiti.

"Siwezi kuendelea kuvaa nguo ya watu wenye imani," alimwambia Luhende. "Yangu imeisha, Baba Shija. Sijaikana, wala sijagombana na mtu. Imeisha tu, kama unga unavyoisha."

Luhende aligeuzia uso ukutani.

Ijumaa yake mawingu yalionekana upande wa mashariki, membamba, ya kwanza baada ya miezi saba. Hata kabla ya saa sita Mama Kabula, mwenye shamba la pili kutoka hapo, alikuwa amefika na kamba yake begani. "Nimewahi," alisema, "kabla wenzangu hawajajaa hapa."

Nkwimba aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuondoka kwake mikono mitupu. Haya ikageuka hasira, hasira ya kuchoka, isiyojua imkasirikie nani. Alichukua jembe, akamwashiria mgeni amfuate, na walipofika nyuma ya jiko akaliinua jembe juu na kulishusha kwa nguvu zote katikati ya ufa, ili Mama Kabula aone kwa macho yake vumbi na aende zake.

Jembe lilizama hadi kwenye mpini. Pembeni pote ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, lakini pale lilizama bila kishindo. Alipolivuta, udongo ulitoka mweusi, wenye unyevu, na ndani yake kiazi kinene kama kifundo cha mkono, kimekatwa vipande viwili, kinatoa utomvu mweupe. Chini yake kilikuwapo kingine. Kando, vingine vitatu, virefu, vimejichimbia kwenda chini kuliko alivyowahi kuona viazi vya tuta lolote la miaka ya neema. Na kwenye vichwa vyake vilikuwa na vijicho vya zambarau vilivyoanza kufumuka. Kiazi cha namna hiyo kikiachwa kwenye unyevu hutoa marando, kila mkulima anajua.

Mama Kabula alipiga magoti akapapasa udongo. Alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi, wala hakuwa na nia ya kumfundisha mtu. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua: "Mama Shija, kama uliona limekufa, siku zote hizi ulikuwa unamwagilia nini?"

Nkwimba alifungua kinywa ajibu kwamba ni uchafu tu. Badala yake aliketi palepale kwenye udongo, jembe mapajani, akalia. Hakulia kwa furaha. Alilia kama mtu aliyebeba ndoo miezi saba bila kuulizwa kama ni nzito, na leo ameulizwa. Mama Kabula hakumbembeleza. Alianza kuvifukia vile viazi kwa mikono yake, taratibu, akihakikisha hakuna kijicho kinachovunjika.

Msingoje niwaambie kwamba Luhende alisimama akatembea. Hakusimama. Mawingu yale nayo yalipita yakaenda kunyeshea wengine, na mvua ya kijiji kile ilikuja baada ya wiki tatu. Kile kiazi kilichokatwa walikichemsha, wakala watu watatu, na hawakushiba. Vingine vilichipua, lakini marando yalikuwa machache, kila mwanamke akaondoka na kiasi cha kukamata kwa mkono mmoja.

Na ile Jumamosi ya kurudisha sare Nkwimba aliamka na shingo inayouma vilevile. Akaenda mtoni, akarudi, akaosha vyombo, akamfuta mumewe, akamwaga karai. Mfuko wenye sare ulikuwa unaning'inia ukutani. Aliutazama, akaona jua limeshakwenda, na kwamba amechoka mno hata kurudisha kitu kwa mwenyewe. Akauacha hapo. Jumapili asubuhi, alipotafuta nguo ya kuvaa, hakuwa na nyingine iliyo safi kuliko hiyo, akaivaa.

Basi ninyi mliokuja hapa ibadani leo bila wimbo na bila machozi, mnaosema mmebaki na mazoea tu: ni nani aliyewaambia kwamba Mungu hawezi kukuza kitu kwa mkono wa mtu aliyechoka?