Kindi, Ngiri na Udongo Uliolala

Paukwa.

Pakawa.

Mmekaa?

Tumekaa.

Mmekauka?

Tumelowa.

Basi sogeeni karibu na jiko, wakubwa kwa wadogo. Mwenye mtoto ampakate. Hadithi yangu ina mvua nyingi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kusoma kama sisi, kulikuwa na bonde lililoitwa Bonde la Mianzi. Katika bonde hilo aliishi Kindi. Kindi mdogo, mkia mkubwa, mashavu makubwa zaidi. Ndani ya mashavu aliweka mbegu. Ukimsalimu wakati wa kupanda hakujibu, alitikisa mkia tu, maana mdomo ulikuwa umejaa.

Kindi alikuwa na vitu viwili alivyoachiwa na marehemu mama yake. Kimoja ni shamba dogo chini ya mteremko. Cha pili ni kitabu. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada, na kona zake zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini maneno yalikuwa mazima. Kindi alikiweka juu ya jiwe kavu nyumbani kwake, chini ya mwamba.

Jirani yake alikuwa Ngiri. Shamba la Ngiri lilikuwa juu ya mteremko, na mpaka wao ulipita kando ya mwamba ule ule wa Kindi. Ngiri alikuwa na nguvu. Akitaka kuchimba alipiga magoti, akaingiza pua ardhini, akasukuma. Chubwi, chubwi, chubwi. Alikuwa na watoto watatu, na mwaka huo mama yao alikuwa amekwenda kwao kumuuguza bibi. Kwa hiyo Ngiri alikuwa baba, alikuwa mama, na alikuwa na hasira kidogo.

Sasa sikilizeni ada ya bonde lile. Kila masika, mvua kubwa zikishapita, Bi Kanga alizunguka shamba kwa shamba. Bi Kanga ndiye aliyekuwa mkuu wa bonde. Siku hiyo iliitwa Siku ya Kutazama. Shamba lenye kijani liliachwa kwa mwenyewe. Shamba tupu alipewa jirani. Mwenye shamba tupu alifunga mzigo akatafuta bonde jingine.

Mmesikia?

Tumesikia.

Basi masika yakaingia. Mvua ikanyesha. Shaa, shaa, shaa. Ikanyesha asubuhi, ikanyesha mchana. Mbu wakafurahi, vyura wakafurahi. Ngiri akapiga magoti shambani. Chubwi, chubwi, chubwi.

Kindi naye akatoka. Akachota udongo kiganjani. Akaubana. Udongo ukanata kama ugali mbichi. Akaurudisha chini polepole, akafuta mkono kwenye majani, akageuka kurudi nyumbani.

"Jirani," Ngiri akaita, "mbona unarudi? Hulimi?"

"Leo silimi."

"Kwa nini?"

"Udongo umelala, jirani. Ukiuamsha utanuna."

Ngiri akacheka hadi matope yakamwingia puani. "Udongo unanuna? Kwani una mashavu kama wewe?"

"Ukichimbwa ukiwa na maji hushikana. Jua likija unakuwa tofali. Mama alinifundisha."

"Mimi mama alinifundisha kazi. Kazi ni jasho."

"Jasho lipi, Baba Ngiri? Hayo ni maji ya mvua."

Ngiri akarudisha pua ardhini. Chubwi, chubwi, chubwi.

Kindi akaingia chini ya mwamba. Akachochea moto. Akaweka chungu cha kunde. Harufu ya kunde ikachanganyika na harufu ya udongo uliolowa, na nyinyi mnajua hakuna marashi ya dukani yanayoifikia harufu hiyo. Akachukua kitabu chake, akakifungua. Mvua nje, moto ndani, kitabu mapajani. Raha iliyoje.

Mara akasikia, "Hodi, Shangazi."

Walikuwa watoto wa Ngiri. Wamelowa, wanatetemeka, mikia juu. Shimo lao lilikuwa limejaa maji. Mdogo wao, jina lake Kitope, alikuwa amebeba mto wake wa nyasi, nao unachuruzika.

"Karibuni ndani," Kindi akasema. Akawakausha kwa mkia wake, mmoja mmoja. Akawapa kunde. Kisha akawasomea.

Kitabu kilisimulia habari za Kobe aliyekwenda kutafuta nyumba ya mvua. Kobe alitaka kujua mvua inalala wapi isiponyesha. Akatembea. Akafika kwenye mto mpana, hana mtumbwi. Akaweka mguu wa kwanza majini.

Hapo Kindi akasikia kitu. Huko nje, mpakani, chubwi, chubwi... kimya.

Akasoma mstari mwingine. Kimya. Akanyamaza. Chubwi, chubwi, chubwi. Akasoma tena. Kimya.

Kindi akapandisha sauti tu, ili isikike hata nje ya mwamba.

Ikawa hivyo kila siku ya mvua. Kindi alitoka, akaubana udongo, akarudi. Ngiri alisema, "Hulimi, jirani?" Kindi alijibu, "Udongo umelala. Ukiuamsha utanuna." Watoto walikuja. Kobe akavuka mto. Kobe akapanda mlima. Na Ngiri, shamba lote lile, alichimba pale pale kwenye ukanda wa mpakani, karibu na mwamba. Akachimba akarudia, akachimba akarudia. Akamwaga mtama wake pale, akaufukia, akaendelea kuchimba kando yake.

Kitope akamwambia, "Baba, ingia usikilize."

"Kusikiliza nini? Mimi nina kazi. Vitabu ni vya wavivu."

"Sasa mbona sikio lako moja limegeukia huku?"

"Linaingiwa na mvua."

Siku moja mvua ikapumzika. Jua likachungulia. Siku ya pili likachungulia tena. Kindi akatoka, akaubana udongo. Safari hii ukamumunyuka kiganjani kama unga wa mahamri.

"Umeamka," Kindi akasema.

Hapo ndipo mngemwona. Alilima hana simile. Akainua tuta upande wa chini ili maji yasikimbie. Akapanda mbegu za maboga, zile za mama yake, za mwisho alizokuwa nazo. Akazitoa shavuni moja moja, akazifukia, akazifunika kwa majani makavu. Jua lilipozama hakuwa na mbegu hata moja.

Kesho yake mvua ikarudi kwa kishindo. Gudugudu, gudugudu, shaa. Maji yakashuka mteremkoni. Ule ukanda wa Ngiri uliochimbwachimbwa ukawa uji. Ukateleza, ukashuka pamoja na mtama wake wote, uliokwisha kuanza kuchipua. Jua lilipotoka, ardhi yake iliyobaki ikakauka ikawa tofali. Ngiri akapiga magoti, akasukuma kwa pua. Ngo. Akasukuma tena. Ngo.

Udongo umenuna.

Siku ya Kutazama ikakaribia. Shamba la Ngiri halina hata jani. Na shamba la Kindi je? La Kindi lilikuwa kijani. Kwenye tuta, kutoka mwisho hadi mwisho, miche imesimama kama watoto wa shule mstarini. Wapita njia wakasema, "Kindi, hongera."

Lakini Kindi alipoinama kuitazama vizuri, akashika jani moja. Majani yalikuwa marefu na membamba. Boga halina jani la namna hiyo. Ule ulikuwa mtama. Maji yalikuwa yameuleta, tuta likaudaka. Maboga yake mwenyewe hayajatokeza. Alikuwa ameyapanda juzijuzi tu.

Kindi akakaa chini. Akafikiri. Nikinyamaza, shamba la mama yangu linabaki langu. Nikinyamaza, hata la Ngiri nitapewa. Nikisema, mwenye shamba tupu ni mimi.

Akiwa bado anafikiri, Kitope akaja.

"Shangazi, Baba anafunga mzigo. Huko tutakakohamia, kutakuwa na mtu wa kutusomea?"

Kindi alitaka kujibu. Mashavu yake yalikuwa matupu, lakini maneno hayakutoka.

Asubuhi ya Siku ya Kutazama bonde zima likakusanyika. Bi Kanga akaja na mabinti zake, wote kwa mstari, wote wanaongea kwa pamoja. Tetetetete. Wakafika kwa Ngiri. Wakanyamaza. Mtu akikuonea huruma hunyamaza. Ngiri alikuwa amesimama, kichwa chini, watoto nyuma yake.

Wakashuka kwa Kindi. "Mtama mzuri," akasema Bi Kanga. "Na huyu ndiye tuliyeambiwa mvivu? Basi ada ni ada. Kindi, mwanangu, shamba la juu nalo ni..."

"Bi mkubwa, samahani," Kindi akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mtama huu si wangu. Ni wa Baba Ngiri. Maji ndiyo yaliyouleta."

Tetetetete. Mabinti wakaanza. Bi Kanga akawatazama, wakatulia.

"Wewe ulipanda nini?"

"Maboga."

"Yako wapi?"

Kindi akatazama shamba lake. "Hayajatoka."

Bi Kanga akashusha pumzi. "Mwanangu, unajua unachokisema? Mtama ukiwa wa Ngiri, basi tupu ni wewe. Shamba lako ni lake."

"Ninajua, Bi mkubwa."

Wote wakamgeukia Ngiri. Ilibaki akubali tu. Neno moja, na mashamba yote mawili yawe yake. Ngiri akamtazama Kindi. Akatazama mwamba walikokaukia watoto wake. Kisha akashuka polepole hadi shambani kwa Kindi. Akapiga magoti. Akaweka pua yake juu ya majani makavu, akavuta hewa. Fff. Akasogea. Fff. Fff.

"Bi Kanga," akasema, "njoo hapa."

Kwa ncha ya pua, pua ile iliyozoea kusukuma magogo, akasogeza majani pembeni, taratibu, kama mama anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Chini yake kulikuwa na kichipukizi. Kimejikunja, shingo nyeupe, kichwa cha kijani, bado kimevaa ganda la mbegu kama kofia.

"Nimelinusa boga tangu nilipokuwa kule juu," Ngiri akasema. "Na pale kuna jingine. Na pale. Ada inataka kijani. Hiki si kijani?"

Bi Kanga akainama, jicho moja, kisha jicho la pili. "Ni kijani," akasema. "Mtama ni wa Ngiri, nao ni kijani. Maboga ni ya Kindi, nayo ni kijani. Leo hakuna anayehama."

Kitope akarukaruka hadi akaanguka matopeni. Na katika kelele zile, Ngiri akamsogelea Kindi, akakohoa kidogo.

"Jirani."

"Naam."

"Yule Kobe. Aliifikia ile nyumba ya mvua?"

Kindi akacheka. "Sijamaliza kitabu, Baba Ngiri. Lakini wingu lile kule linakuja."

Jioni hiyo manyunyu yakashuka, manyunyu ya kupandikizia. Wakaing'oa miche ya mtama pamoja na udongo wake, wakaipandisha juu. Kindi akamwonyesha Ngiri mahali palipolainika, akamwonyesha namna ya kuubana udongo kiganjani. Ngiri hana kiganja, akaubana kwa midomo. Akautema. "Umeamka," akasema, "ila hauna chumvi."

Kisha mvua ikazidi, wakakimbilia mwambani. Sasa Ngiri mnamjua, huingia nyumbani kinyumenyume. Akaingiza mgongo kwanza, uso ukabaki mlangoni. Akaziba upepo wote. Watoto wakamwegemea ubavuni, ndani kukawa na joto kuliko siku zote. Kindi akafungua kitabu, akasoma. Na sikio la Ngiri, lile lile moja, likageuka nyuma.

Hadi leo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Wengine husema anamwogopa Simba. Mimi nawaambieni, anasikiliza hadithi.

Wanangu, funzo lake ni hili. Si kila anayekaa mvua ikinyesha ni mvivu. Kuna wakati wa jembe na kuna wakati wa kitabu. Na ukisema kweli hata inapokuumiza, jirani yako naye hupata nguvu ya kusema yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Kindi, penye tope. Ukilikanyaga usilifute, nenda nalo kwenu, ukapande.