Nazi Elfu Moja na Tisa za Mize

Hapo zamani, kwenye kijiji ambacho mwanamume hakupewa mke mpaka apange nazi, alikuwako msichana jina lake Mize. Desturi yao ilikuwa hivi: baba anatoa nazi elfu moja, mposaji anazipanga uani kwa safu zinazolingana. Ikisalia nazi, basi kila iliyosalia ni mke mwenza, yuko njiani anakuja.

Baba yake Mize, Mzee Faki, alipenda sifa kuliko kula, na kula alikupenda sana. Elfu akaiona ndogo, akaongeza tisa za majigambo. Akatangaza kwamba jua likizama bila mshindi, Mize atabaki kumpikia mpaka msimu mwingine. Mize alikitazama kile chungu cha baba yake, akataka kulia.

Akaja Vuai, kijana wa mabega. Akapanga safu mbili, ikasalia moja. Tatu, moja. Nne, moja. Tano, zikasalia nne, na wanawake wakacheka mpaka wakashikana, maana wake wenza wanne na Mize wa tano, hata kadhi angekimbia. Sita, moja. Saba, moja. Akapanga, akapangua, mpaka safu thelathini na moja, kikoi kimemganda makalioni, na kila mara kuna zinazosalia.

Akaja Makame, mposaji wa pili. Aliokota nazi moja, akaivunja, akaila yote. Zile nyingine zikakaa sawa: safu mbili, tatu, nne, sita, hata saba. Mzee Faki akatia nazi nyingine mahali pa ile iliyoliwa, hesabu ikawa ileile.

Wa tatu, Mkadamu, alikuwa amejilaza kutwa akimtazama Vuai.

"Pumzika, kaka," akamwambia. "Ukipita safu thelathini na moja unarudia yaleyale, umeyageuza ubavu tu. Safu nyingi fupi si ndizo safu chache ndefu? Hizi nazi hazigawanyiki."

Ndipo akainuka, akazipanga zote safu moja. Ikatoka uani, ikapita kisimani, ikazunguka choo cha jirani. Haikusalia hata moja.

Mzee Faki akakuna kichwa, akampa binti yake kata ya maji: atakayemnywesha ndiye mumewe.

"Mimi sikula wala sikulala," akasema Vuai. "Huyu mvivu amejua kwa jasho langu."

"Mke mwenza nimemla," akasema Makame. "Nani mwingine hapa anaweza kusema hivyo?"

"Mimi peke yangu nimezipanga zote," akasema Mkadamu, "na hakuna iliyozidi."

Mize akawaza. Vuai atalima mpaka afe, wala hataulizia kama shamba lina mwisho. Makame ataondoa kila shida nyumbani, pamoja na chakula cha kesho. Mkadamu atakuwa na jibu siku zote, lakini kwanza umwamshe.

Jua ndilo hilo linazama, na wanaume watatu wamekauka koo. Haya, nyie mnaojua kuwachagulia wenzenu waume: Mize amnyweshe nani?