Pimbi Afungua Lango la Bwawa

Zamani zile za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na ofisi kama sisi, kijiji kimoja kilikuwa na bwawa. Lango lake lilifunguliwa na kufungwa kwa kompyuta, na kompyuta ile iliendeshwa kwa mfumo huria, usio na mwenyewe: kila mwanakijiji alikuwa na neno lake la siri na ruhusa ya kujifunza na kuupa amri.

Kiboko hakujifunza. Alijua kubofya picha mbili tu, fungua na funga. Kiangazi kilipokaza akafunga lango, ili maji yote yabaki ya kuogelea yeye peke yake. Kisha akaketi mbele ya kompyuta, akakikalia kile kipanya cha kubofyea.

"Tuone nani atafungua," akasema.

Bondeni, mtoto wa Digidigi hakuweza tena kusimama kwa kiu. Mama yake akamfuata Bi Pimbi.

"Si wewe unayejifunza zile amri za kuandika?"

"Najifunza, dada. Bado nakosea."

"Basi nenda ukakosee hukohuko. Mwanangu anakufa."

Pimbi akaenda hadi bwawani, akamkuta Kiboko mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuandika sifa zako, ukiniruhusu kibodi."

Kiboko akapiga miayo. Jino lake moja lilikuwa refu kuliko mkono wa Pimbi. "Marahaba. Andika, lakini kipanya hukigusi."

"Sina haja nacho, mzee."

Akabonyeza vitufe, kikafunguka kidirisha cheusi. Ta-ta-ta, akaandika amri ya kufungua lango. Kwa haraka akaruka herufi moja. Kompyuta ikajibu: Amri haijulikani.

Kiboko akasoma polepole. "Amri haijulikani? Amri ya nani hiyo?"

Pimbi akajibu upesi. "Ya yeyote asiyekuwa wewe, mzee."

"Hapo sawa. Endelea."

Akaandika upya, herufi kwa herufi. Kompyuta ikataka neno la siri. Akaligonga, na kama ilivyo desturi ya mfumo ule, hakuna herufi iliyoonekana.

Kiboko akasogeza pua kwenye kioo. "Mbona unagonga na sioni kitu? Unanichezea?" Pumzi yake ilimchoma Pimbi shingoni.

"Hapo nimeandika jina lako. Jina la mkubwa haliachwi wazi likasomwa na kila mpita njia."

Kiboko akaanza kulitafakari hilo. Pimbi hakungoja amalize. Akabonyeza kitufe cha kutuma amri, kisha upesi akaandika amri ya pili, fupi: Kiboko aondolewe ruhusa ya lango.

Ghururuuu. Huko nje maji yakaanza kuteremka.

Kiboko akanyanyuka, akakwapua kipanya, akabofya funga. Akabofya tena. Kompyuta ikaandika: Huna ruhusa. Alipogeuka kumkamata Pimbi, Pimbi keshapenya dirishani, anakimbia sambamba na maji hadi bondeni, ambako mtoto wa Digidigi alikuwa amepiga magoti, anakunywa.

Ndiyo hivyo, wanangu: chombo hukaliwa, ujuzi haukaliwi.