Mguu Sawa wa Kapteni Fisi

Ngano, ngano!
— Njoo, tumejipanga!
Ije mbio au ije taratibu?
— Ije taratibu, tuione miguu!

Vita vya kwanza vya tembo na nyati vilikuwa vimekwisha. Vya pili vilikuwa bado. Wanyama wadogo wa majabalini, waliokanyagwa mara ya kwanza, wakaunda kikosi cha kujitolea. Walikuwa thelathini na saba. Wengine husema arobaini. Si kweli, nyanya alinihesabia kwa majina.

Hawakuwa na bunduki, walikuwa na fimbo. Hawakuwa na mshahara, walikuwa na ghala. Kila mmoja alileta akiba, mtama, mihogo, kambale wakavu, ili vita vikirudi watoto wajifiche mapangoni na wasife njaa.

Fisi akaja. "Fimbo mnazo, mkubwa hamna. Kapteni ni mimi." Akavaa kofia.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi: "Mguu sawa! Atakayetikisika nitamfukuza!" Kikosi kikasimama kimya juani. Fisi akaingia ghalani, ngwa, ngwa, ngwa! Kesho yake tena: "Mguu sawa!" Ngwa, ngwa, ngwa! Ghala likabaki nusu.

Pimbi, mpiga tarumbeta, alikuwa mdogo kuliko wote. Akapiga saluti mbele ya kikosi kizima.

"Afande, kuna maneno."

"Maneno gani?"

"Wanasema kwa hiyo miguu yako ya nyuma, mifupi vile, mguu sawa huiwezi."

"Mimi? Nisiiweze mimi?" Fisi akafura. "Piga tarumbeta! Nikitikisika kabla haijalia tena, nivueni kofia mnifukuze!"

"Mmesikia, wenzangu?"

"Tumesikia!"

Paa-ra-paa! Fisi akasimama wima kama nguzo.

Pimbi akageuka. "Wengine, mguu pande! Ghalani, mbele tembea!"

Kwa-ta, kwa-ta, kwa-ta. Mtama ukapita, ukaenda mapangoni. Kwa-ta, kwa-ta, kwa-ta. Mihogo ikapita, ikaenda mapangoni.

"Pimbi!" Fisi alisema meno yakiwa yamefungwa. "Piga tarumbeta!"

"Kinywa kimenikauka, Afande. Ngoja ninywe maji kidogo."

Akanywa. Akanywa tena. Mwishoni akatoka Nungunungu na kambale mkavu wa mwisho, mnene, ananukia vizuri. Akampitisha polepole chini ya pua ya Kapteni. Udenda ukadondoka, to! to! to!

Hap! Fisi akaruka. Kofia ikaanguka.

"Katikisika!" wakapiga kelele wote thelathini na saba, wakamkimbiza kwa fimbo hadi ng'ambo ya mto, Pimbi mbele, paa-ra-paa! paa-ra-paa!

Vita vya pili vikaja. Tembo walipita, nyati walipita, ardhi ikatetemeka. Mapangoni watoto walikuwa wakitafuna mihogo. Hakukanyagwa hata mmoja, na hao pia nyanya alinihesabia kwa majina.

Basi funzo, wanangu: mtiini mkubwa wenu bila kuuliza, na mpiga tarumbeta asinywe maji akiwa kazini.

Ngano yangu, mguu pande!
— Ikapumzike!