Mashine ya Kukoboa Isiyo na Chenga

Lukelesha aliazima mashine ya kukoboa mpunga kwa mjane Nyamizi, akatajirika nayo, na kila alipodaiwa alinyamaza kama hasikii. Sheria ya mji wao ilisema dai likipita miaka kumi hufa. Mwaka wa kumi na moja Nyamizi akaenda barazani.

"Dai limepitwa na muda," akasema wakili wa Lukelesha, huku akimkanyaga mteja wake mguu asifungue kinywa.

"Basi yaishe," akasema Nyamizi. "Ila niwaombe radhi majirani. Mchele wenu siku hizi umejaa chenga, na kosa ni langu. Ile mashine ilikuwa mbovu tangu iko kwangu."

Baraza lilijaa wateja wa Lukelesha. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hata mimi juzi niliziona."

Lukelesha akainuka kwa hasira. Wakili akamvuta shati, wapi!

"Chenga? Mashine ya huyu mama haijavunja punje hata moja tangu aniazime!"

Mwenyekiti wa baraza akavua miwani. "Mashine ya nani?"

Lukelesha akamgeukia wakili. Wakili alikuwa anafunga mkoba.

"Dai hufa mshika mali akinyamaza," akasema mwenyekiti. "Akikiri kwa kinywa chake, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Mama, ulisema mashine ni mbovu. Bado unaitaka?"

Nyamizi akatoa spana kikapuni.

"Mwenye kuitumia amesema ni nzima, bwana mwenyekiti, mimi ni nani hata nimbishie? Mkokoteni uko nje."