Mtungi wa Kyela na Kozi ya Atuganile

"Jua upikacho, ndipo uchague chungu."

Mwenye duka hili la intaneti amewaambia maneno hayo, nanyi mkacheka, mkadhani anawatuma jikoni. Kisha Ipyana akaniuliza, "Babu, methali hii imetoka wapi? Shuleni hatukufundishwa." Hamkufundishwa kwa sababu si ya kale. Ilizaliwa hapahapa Rungwe, miaka kumi na miwili iliyopita, nami nilikuwapo. Tena mimi ndiye niliyekosea. Wekeni chini hizo fomu zenu za chuo, maana dirisha la maombi halifungwi leo. Methali hii ilianza hivi.

Mdogo wangu Ambindwile alikuwa dereva wa lori la kukusanya majani mabichi ya chai kwa wakulima na kuyapeleka kiwandani. Alikuwa na binti mmoja, Atuganile, aliyesoma fizikia, kemia na hisabati. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Ambindwile alikuwa njiani na mzigo. Mkewe, Bupe, akampigia simu: divisheni wani, pointi nne! Mdogo wangu akasimamisha lori katikati ya mlima, akashuka, akaanza kucheza kando ya barabara peke yake. Wachuma chai wakatupa vikapu na kukimbia, wakidhani amepatwa na wazimu. Walipoambiwa habari, nao wakacheza. Katika kata yetu hapakuwa na msichana aliyewahi kufika hapo kwa masomo ya sayansi.

Mimi wakati huo nilikuwa Dar es Salaam, Temeke, karani wa stoo ya vipuri. Habari iliponifikia asubuhi, kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba ukoo wetu unapata injinia. Nikaomba likizo, nikapanda basi.

Nyumbani nilikuta shamrashamra, lakini nilikuta pia mjadala usiokwisha. Zilibaki siku chache dirisha la maombi lifungwe, na kila aliyeingia mlangoni aliuliza swali lile lile: "Mwanangu, unakwenda chuo gani?" Bupe alitaka chuo cha Mbeya, ili binti arudi nyumbani mwisho wa wiki. Ambindwile alitaka chuo chenye mabweni mazuri. Mwalimu wake wa fizikia alisema aende popote wanapofundisha kompyuta. Nami, kwa kuwa nimetoka mjini na ni kaka mkubwa, nilisema kwa sauti kuliko wote: "Chuo kikubwa cha Dar es Salaam, basi! Kozi yoyote, mradi iwe ya uhandisi. Jina la chuo ndilo linalombeba mtu."

Atuganile alikuwa na daftari. Alilichora mistari, akaandika vyuo, ada, mabweni, umbali, hata nauli ya basi. Asubuhi chuo kimoja kilikuwa cha kwanza, jioni kingine. Alikuwa anafurahi, anacheka na kila mgeni, lakini nilimwona akifuta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi ikapangwa sherehe. Mpishi alikuwa Bi Tupokigwe, mama ambaye harusi zote za upande ule zilipita mikononi mwake. Aliniambia, "Kaka Lwitiko, sufuria ninazo, ila kwa nyama ningependa chungu cha udongo kimoja kikubwa. Nyama ya chungu ina ladha yake." Nikasema niachieni mimi. Nikashuka Kyela sokoni, wanakouza vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Jamani, vile vyungu! Nikazunguka, nikamwambia mama muuzaji anipe kilicho kizuri kuliko vyote. Akanipa kimoja kikubwa, tumbo limenona, shingo nyembamba kama ya korongo, michoro myeupe imekizunguka. Nililipa bila kupunguziwa. Njia nzima nilikipakata kama mtoto.

Bi Tupokigwe alikizungusha, akachungulia ndani.

"Kaka, huu ni mtungi," akasema. "Ni wa kuwekea maji ya kunywa."

"Chungu ni chungu," nikamjibu. "Huoni ulivyo mzuri?"

"Naona. Lakini mwiko wangu utapita wapi?"

"Wewe weka motoni. Wageni wakiuona watajua hii ni sherehe ya injinia."

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, Atuganile akiwa kati yao, wakaacha visu wakaangalia. Bi Tupokigwe hakubishana nami, maana nilikuwa mkubwa wa nyumba. Lakini alikuwa na akili. Nyama aliiacha kwenye beseni, akamimina maji tu. Akauweka mtungi mafigani, akachochea kuni, akasogea hatua mbili nyuma. Nami nikasogea mbele, mikono kiunoni.

Haikuchukua muda. Tulisikia mlio mmoja mkavu, pa! Mtungi ukagawanyika kuanzia shingoni mpaka chini, maji yakamwagika, moto ukazimika, majivu yakaruka, yakanipaka shati langu jeupe la Temeke. Wageni walikuwa wameanza kuingia.

Bi Tupokigwe akanipa kitambaa nijifute uso. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, pale sokoni uliuliza nini?"

"Niliuliza kilicho kizuri kuliko vyote."

"Hukuuliza cha kupikia nyama?"

Nikainama kuokota vigae.

"Basi ndiyo hivyo, baba. Jua upikacho, ndipo uchague chungu."

Watu wakaangua kicheko, na mimi mwenyewe nikacheka, ningefanyaje? Aliyekosa kucheka ni mmoja tu. Atuganile alikuwa amesimama, ndizi mkononi imemenywa nusu.

"Baba Mkubwa," akasema, "mimi sijui ninachopika."

"Hukai na wenzako ukamenya?" nikamwambia, nikidhani anazungumzia ndizi.

"Nasema kuhusu chuo! Nina vyuo kumi kwenye daftari. Najua nauli ya kila kimoja. Lakini uhandisi wa nini, sijui. Hakuna aliyeniuliza, nami sijajiuliza." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Leo Jumamosi. Dirisha linafungwa Jumatano. Baba, Jumatatu nipeleke kiwandani!"

Nyama ikapikwa kwenye sufuria, ikaliwa ikaisha, lakini binti yule hakukaa kitini siku ile. Alimfuata kila mgeni mwenye ufundi wowote: fundi redio, fundi bomba, kijana wa minara ya simu. Alikuwa akiwauliza, "Asubuhi ukifika kazini unafanya nini? Kitu gani kinakuudhi? Kitu gani unakipenda hata usipolipwa?"

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa watatu kwenye lori: Ambindwile usukanini, Atuganile katikati, na mimi dirishani, kwa sababu nilitaka kuona mwisho wake. Tulikusanya magunia kijiji hadi kijiji. Mvua ikanyesha, kwenye mlima mmoja trekta likakwama mbele yetu, tukasubiri saa mbili. Atuganile akapanda nyuma, akaingiza mkono kwenye gunia.

"Baba! Ni ya moto! Kama mkate!"

"Ndiyo kila siku," Ambindwile akasema. "Yakichelewa yanaungua, yanakuwa mekundu. Kiwanda kinayakataa, mkulima anarudi na gunia lake."

Kiwandani tulipokelewa na fundi mkuu, Kibona, mzee wa maneno machache. Alituonyesha mota, Atuganile akasikiliza kwa adabu. Akatuonyesha kabati la umeme lenye taa nyingi, mimi nikashangaa, yeye akasikiliza kwa adabu. Kisha tukafika kwenye vitanda virefu vya wavu ambako majani hutandazwa na kupulizwa upepo kutoka chini.

"Hapa tunayanyausha," Kibona akasema. "Majani haya yako hai, binti. Yamechumwa, lakini bado yanapumua. Ukiyabana kwenye gunia, yanajipika yenyewe."

"Yanapumua?"

"Yanapumua."

Basi hapo ndipo bomba la maswali lilipopasuka! Yanatoa joto kiasi gani? Yatandazwe unene gani? Upepo ukizidi inakuwaje? Na mahindi je, yanapumua? Na parachichi? Na kwa nini lori lisiwe na upepo wake? Nilihesabu maswali kumi na saba. Kibona alijibu tisa, akavua kofia, akajikuna.

"Sasa unaniuliza mambo ya wahandisi wa usindikaji wa mazao," akasema. "Aliyefunga vikaushio vyetu alikuwa mmoja wao. Mwanamke, mfupi kama wewe."

"Kumbe kuna wahandisi wa namna hiyo?"

"Wapo. Wachache mno."

Atuganile akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. "Baba Mkubwa! Nimejua ninachopika!" Alipiga kelele kushinda mashine. Wafanyakazi wote wakageuka.

Tulirudi mjini kwa mwendo ambao Ambindwile hajawahi kuendesha tena. Tukaja hapahapa dukani, wakati huo lilikuwa na kompyuta moja. Atuganile akafungua mwongozo wa udahili, na safari hii hakuanza na majina ya vyuo. Alianza na kozi. Vyuo vilivyofundisha alichokitaka vilikuwa vitatu tu. Akasoma masomo ya kila mwaka, moja baada ya jingine, akipitisha kidole. Kisha akatafuta namba za simu za wanafunzi wa vyuo hivyo, akiulizia kwa huyu na yule, akawapigia. Swali lake lilikuwa fupi: "Mnaanza mwaka wa ngapi kushika mashine kwa mikono yenu?"

Mmoja akajibu, "Mwaka wa tatu, tukibahatika." Msichana wa chuo kimoja cha Morogoro akacheka, akasema, "Mwaka wa kwanza, wiki ya tatu. Nina kovu kidoleni, nikutumie picha?"

Atuganile akaandika Morogoro kwa herufi kubwa.

Sitawadanganya, roho iliniuma. Jumanne jioni nilimwita, wazazi wake wakiwapo. Nikamwambia, "Mwanangu, chuo hicho hakina jina kama kile nilichokisema. Mimi nimeshawatangazia Temeke nzima. Na ukimaliza ukikosa kazi je?"

Alipiga goti kidogo, kama alivyofundishwa, lakini sauti yake haikutetemeka. "Baba Mkubwa, kazi naweza kukosa kutoka chuo chochote. Lakini hili nitalisoma hata nikiwa nimechoka, kwa sababu nalitaka. Na watu wa Temeke wataniombea heri tu. Kusoma nitasoma mimi."

Nikamgeukia mdogo wangu anisaidie. Ambindwile, ambaye wiki nzima hakuwa amenipinga hata mara moja, akasema, "Kaka, mtungi mmoja umeshapasuka. Huu wa pili tusiuweke motoni."

Bupe akaziba mdomo kwa khanga asicheke. Nikainua mikono juu. Nimeshindwa.

Jumatano tulijazana hapa dukani kama watu wanaoangalia mpira. Mtandao ukaja, ukakatika, ukaja. Bi Tupokigwe naye alikuja, na mwiko mkononi, alikuwa ametoka shughulini. Saa tisa na nusu kompyuta ikaandika kwamba maombi yamepokelewa. Atuganile akapiga vigelegele vyake mwenyewe kabla mama yake hajawahi, na mtaa mzima ukaitikia.

Alichaguliwa. Mwaka wa kwanza alianguka mtihani mmoja wa hisabati, akarudia, akalia kwenye simu hadi nikashindwa kula. Lakini hakuwahi hata siku moja kuniuliza amefuata nini kule. Leo yuko Songwe, anajenga vikaushio vya kahawa vya vyama vya wakulima, na ukimpigia simu msimu wa mavuno hapokei.

Msinielewe vibaya. Chuo kile kikubwa nilichokipigania si kibaya hata kidogo. Kijana wa jirani yetu aliyeupenda umeme tangu utotoni alikwenda huko, na kwa alichotaka kupika, chuo hicho ndicho kilichokuwa chungu chake hasa. Kosa langu mimi lilikuwa kuchagua kwa kuangalia michoro.

Na methali je, ilieneaje? Ambindwile alimpa mchoraji rangi, akaiandika nyuma ya lori. Likapita nayo kila kijiji kinacholima chai, watoto wakaisoma, watu wazima wakaanza kuitumia kwa mambo yao: anayenunua ng'ombe, anayejenga, hata anayeposa. Wengi hawajui kuhusu shati langu, nami sikuwaambia.

Haya, Ipyana, chukua fomu yako. Tangu uingie umenitajia chuo mara tatu, na mara zote tatu nimeona ukikunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jina asilolijua. Kaa hapa karibu yangu. Niambie kwanza kitu gani kinakufanya uulize maswali kumi na saba. Ukikosa jibu leo, nenda kakitafute kiwandani, gereji, shambani, mtoni, popote. Vyuo vitafuata baadaye.

Jua upikacho, ndipo uchague chungu.